Bichi iliyojificha kati ya miamba

Nimeshinda leo kwenye bichi ndogo iliyobanwa na miamba pande zote, ile ambayo ukiwa juu huioni kabisa mpaka ufike ukingoni ndo unakuta mchanga uko kule chini, na naandika hata sijaoga, chumvi bado iko kichwani.

Kilichonishika ni maji yalivyotulia. Kulia rasi ya mawe, kushoto rasi nyingine, na huko mawimbi yanajipiga kweli kweli mpaka povu linaruka juu, alafu wewe uko katikati maji yanakuja taratibu tu yanakugusa vifundo vya miguu. Bahari ni hiyo hiyo, upepo huo huo. Ni kwamba wimbi likikuta kina kifupi linapunguza mwendo, na mbele ya rasi kina kinapungua mapema kuliko katikati ya ghuba, basi wimbi linajipinda, nguvu nyingi inaishia kwenye mawe na ile inayoingia ndani inatawanyika. Nimekaa juu ya jiwe muda mrefu naangalia mistari ya mawimbi inavyopinda mpaka inafuata umbo la ufukwe, yani unaiona kwa macho yako, nzuri mno.

Na mchanga wenyewe sasa! Nimeuchota nikausogeza karibu na macho, punje za mawe yale yale yaliyosagika, pamoja na vipande vya makombe, vingine bado vina rangi ya pinki. Kumbe nimekalia rasi iliyovunjika kidogo kidogo. Hilo limenigusa sana. Tukifika bichi wengi wetu tunayaruka mawe haraka tukatandike taulo, wakati mawe ndo yanaushika mchanga usitawanyike pwani nzima, japo nao hautulii, dhoruba zikija mawimbi makubwa yanauvuta nje zinabaki kokoto, bahari ikipoa unarudi polepole.

Maji yalipokupwa vikabaki vidimbwi kwenye miamba, kaa wadogo, mwani, konokono, visamaki vinavyokimbilia kivulini ukiinama. Jamani ukigeuza jiwe lirudishe kama lilivyokuwa, viumbe wa chini yake wanakauka juani. Na makombe matupu yaacheni, kuna kaa wanahamia humo, ndo nyumba zao.

Kuogelea nimeogelea katikati tu, pembeni ya mawe mara nyingi kuna mkondo unaotoka nje na hauonekani vizuri ukiwa majini. Alafu mwezi ni mpevu kwa hiyo ni bamvua, maji yanapwa mbali sana na yakijaa yanapanda juu sana, njia ya kuzunguka rasi inafunikwa yote, ndo maana niliondoka mapema huku roho haitaki. Nataka nirudi baada ya dhoruba kubwa, nione mchanga umebaki kiasi gani.