Noti ya elfu mbili madhabahuni

Jana kwaya ya akina mama ikiimba, mzee mmoja aliinuka akambandika mwimbishaji noti ya elfu mbili kwenye paji la uso. Basi! Foleni mpaka mlangoni. Jirani yangu akaninong'oneza, "Hii ibada au taarabu?"

Nilicheka, ila swali limeniganda. Nigeria wana sheria ya Benki Kuu ya 2007 inayokataza kurusha na kukanyaga noti za naira kwenye sherehe. Sisi tunabandika tu. Marehemu bibi, mkristo hasa, alikuwa haoni mtu akiimba vizuri asimtuze.

Mimi kutuza sioni dhambi. Kinachonikera ni yule anayechenji elfu kumi ziwe elfu moja moja, apite mbele mara kumi, macho kwenye kamera.

Nilikuwa na buku moja. Nilipita pia.