Visima vyangu vilivyogeuka minara

Ramani ilitoka buluu iliyokoza karibu yote, isipokuwa nukta tatu nyeupe. Nukta zote zilikuwa 412, kila moja kisima, na nilikuwa nazipaka rangi kwa kina chake cha mita: madaraja matano yenye mapana sawa. Saa nzima nikahangaika na rangi. Nikaweka kijani, nikageuza mpangilio juu chini, nikalaumu mpaka kioo cha kompyuta.

Mwishowe nikabonyeza ile alama ya Σ, ya muhtasari wa takwimu, kwenye QGIS, programu ninayotengenezea ramani. Kidirisha kikafunguka ubavuni, nikachagua leya (tabaka la data) ya visima, kisha safu ya kina. Wastani: -31.5. Yaani kwa hesabu hiyo visima vyangu vilikuwa minara! Nikateremsha macho hadi thamani ndogo kabisa: -9999.

Waliozoea kazi hii wameshaanza kucheka. -9999 ndiyo namba ambayo wengi huandika kipimo kinapokosekana. Programu haina habari na mazoea yetu, yenyewe inajumlisha tu. Visima vilivyokosa kipimo vilikuwa vitatu, na vitatu hivyo vilitosha kuharibu wastani wa vyote, na kuvuta madaraja ya rangi hadi visima vingine vyote vikaangukia daraja moja. Mediani, ile thamani inayoangukia katikati ukizipanga namba zote kwa mstari, haikutikisika: ilisoma 38 kabla ya kuvisafisha na ikasoma 38 baadaye. Siku hizi wastani na mediani vikiachana hivyo, siendelei na ramani mpaka nijue kwa nini.

Nikachagua kila chenye kina chini ya 0, nikafuta namba hizo na kuziacha NULL, yaani tupu. Wastani ukapanda hadi 41.6, nikajiona fundi. Lakini mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ulisoma 32, na thamani kubwa kabisa 620. Mita 620 kwa kisima cha kuchimba kwa mkono? Nikafukua fomu ya karatasi: 62.0. Nukta ya desimali ilipotea wakati wa kuingiza data. Niliposahihisha, mkengeuko ulishuka hadi 14 na wastani ukawa 40.2. Mediani? 38 ile ile.

Jambo linalonikera hadi leo ni hili. Kama ningechagua madaraja ya idadi sawa, kila rangi ingepewa visima kama 82, na ramani ingependeza tangu mwanzo. Vile vitatu vingejificha ndani ya daraja la chini pamoja na visima vifupi halali, na 620 ingekaa kimya kwenye daraja la juu. Ningeichapisha, tena kwa kujivuna. Ubaya wa ile ramani ya kwanza ndio ulioniokoa.

Bado sijamaliza. Kile kidirisha huonyesha pia thamani inayojirudia kuliko zote, na kwangu ni 30. Nimefungua histogramu, chati ya mihimili inayoonyesha visima vingapi vina kila kina, nikakuta meno marefu kwenye 20, 30 na 40, katikati mabonde. Ardhi haichimbwi kwa makumi namna hiyo. Hapa hakuna cha kufuta, maana kila namba ikisimama peke yake inaaminika. Nimemwandikia aliyekusanya data kumuuliza kama siku zile alikuwa na kamba ya kupimia, au alikuwa anachungulia tu na kukadiria. Hajajibu.