Nilivyopatanisha 15 na 31: hesabu ya chuma kwenye sahani za wasichana wangu

Ugomvi ulianzia kwenye karatasi moja. Baba wa mmoja wa wasichana, karani wa bandarini, mtu wa hesabu asiyependa kubabaishwa, alikuja kwenye kikao cha wazazi na karatasi mkononi. Juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: msichana wa miaka 14 hadi 18, madini ya chuma miligramu 15 kwa siku. Chini kapiga hesabu ya chakula chetu cha wiki nzima, akapata 13.

"Matroni," akasema kwa adabu zote, "watoto wetu mnawalisha pungufu."

Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana hapa Tanga, vitanda 46. Nimelea watoto wa watu kwa miaka, najua nani hali bamia na nani huficha maandazi chini ya mto, lakini sikuwahi kujiuliza hiyo 15 imetoka wapi. Siku ile nilijibu ovyo. Nikasema watoto wana afya, wamenawiri, mnawaona wenyewe. Karani alitabasamu tu, na lile tabasamu liliniuma kuliko maneno.

Usiku nikampigia mtoto wa dada yangu, anayesomea lishe kule SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Nilitaka anipe la kumjibu yule bwana.

"Mama mdogo," akaniambia, "hiyo 15 ni ya Wamarekani. Jedwali la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani kwa binti wa miaka 15 hadi 17 linasema 31. Na kama mlo ni nafaka na maharage matupu, hauna nyama wala matunda, linasema 62."

Nikanyamaza mpaka akadhani simu imekatika.

Alikuja likizo wiki mbili baadaye, na ndipo niliposoma, jikoni, tukichambua maharage na Bi Mwanahamisi, mpishi wetu. Nilimwanza kwa swali la hasira. Inakuwaje wataalamu wawili wampime binti mmoja, huyu aseme 15 na yule 31? Mmoja si mwongo?

Akasema hakuna mwongo. Kwanza niondoe fikra kwamba kuna mtu alimfungua binadamu akakuta ndani yake pengo la miligramu 15. Kwa chuma wanafanya kama mwenye duka anayefunga mahesabu: wanaangalia kinachotoka. Kila siku chuma kidogo hupotea kwa ngozi, matumbo na mkojo, karibu miligramu 0.8 kwa binti wa umri huo. Anakua bado, kwa hiyo mwili unadai nyongeza kama 0.35. Halafu kuna hedhi. Kwa binti wa katikati, ukigawanya damu ya mwezi kwa siku zote, ni kama 0.5. Jumla 1.6 na kitu. Ndicho binti wa katikati anachohitaji kiingie kwenye damu.

Lakini hedhi hazilingani. Hapo Bi Mwanahamisi akaguna, maana hilo halihitaji chuo. Wapo wanaopoteza mara tatu au nne ya wenzao, na huwezi kuandika jedwali la binti wa katikati ukawatupa hao. Kwa hiyo wanasogeza namba juu mpaka iwafunike mabinti 95 katika kila 100. Inafika 3.1. Miligramu tatu na kidogo!

"Sasa 31 inatoka wapi?" nikauliza.

"Inatoka tumboni," akasema. Chuma cha maharage, unga na mchicha kinaingia mwilini kwa shida, kwa sababu nafaka na kunde zina kitu kinachoitwa faiteti, kinachokishika chuma kikapita nacho. Kwenye mlo wa namna hiyo unaweza kufyonza sehemu 10 tu ya kila 100, hata 5. Gawanya 3.1 kwa asilimia 10, unapata 31. Kwa asilimia 5, unapata 62. Wamarekani wao wamekadiria asilimia 18, kwa kuwa sahani yao ina nyama na matunda. Chukua 15 yao, tafuta asilimia 18 yake, unapata 2.7. Haiko mbali na 3.1. Tofauti iko kwenye sahani.

Nilichukua kalamu nikairudia hesabu hiyo mara mbili nyuma ya daftari la mahudhurio. Kweli.

Halafu akanieleza lile ambalo karani na mimi sote tulikuwa hatulijui. Kile kiwango kinachopendekezwa hakisemi "wewe unahitaji hiki". Wanasayansi huanza na wastani wa mahitaji, kile kinachowatosha nusu ya watu wenye afya wa umri na jinsia fulani, kisha wanapanda juu mpaka wawafunike karibu wote. Wamarekani huenda mpaka watu 97 au 98 kati ya 100. Virutubishi vingi havina vipimo vya kutosha kuonyesha watu wanatofautianaje, kwa hiyo huchukuliwa kwamba mtawanyiko ni asilimia 10, wakaongeza mara mbili yake. Ndiyo maana mara nyingi namba ya mwisho ni wastani mara 1.2. Chuma cha wenye hedhi hakifuati kanuni hiyo kwa sababu ya wale wachache wanaopoteza damu nyingi: kwa wasichana hao hao wa Marekani wastani ni 7.9, na namba ya mwisho ndiyo 15.

Nilikumbuka vitanda vyetu. Fundi wa Ngamiani aliyevitengeneza hakuchukua urefu wa binti wa wastani, la sivyo nusu yao miguu ingening'inia. Alichukua urefu wa karibu binti mrefu kuliko wote. Sasa karani alikuwa anasema nini? Alikuwa anaona binti asiyejaza kitanda, anasema huyu hakui.

Basi nikataka kushangilia, nimeshinda. Mpwa wangu akanishika mkono. Tugeuze sasa, akasema, tutumie sahani yetu. Miligramu 13 kwa asilimia 10 ni 1.3. Na binti wa katikati anahitaji 1.6. Nusu ya mabinti wangu, na pengine zaidi, walikuwa chini ya mahitaji yao wenyewe, achilia mbali ya jedwali. Karani alikosea hesabu lakini shaka yake ilikuwa sahihi.

Niliona haya.

Niseme kidogo habari za kale, maana mpwa wangu alizisimulia huku anamenya machungwa na mimi nilizipenda kuliko hesabu. Viwango vya kwanza vya Marekani viliandaliwa mwaka 1941, vita vikiwa vimetanda, na kamati iliyoongozwa na mwanamke, Lydia J. Roberts, vikachapishwa 1943. Na Uingereza, kule Sheffield, vijana waliokataa kubeba silaha walijitolea kufanyiwa majaribio ya vitamini C. Walikuwa 20. Kumi hawakupewa vitamini hiyo kabisa. Baada ya miezi kadhaa fizi zilianza kuvimba na kutoka damu, na vidonda vyao vikagoma kupona. Miligramu 10 kwa siku ziliwaponya. Lakini kinachoponya ugonjwa si kile unachomwekea mtu akiba; Waingereza waliweka 30, siku hizi ni 40, FAO na Shirika la Afya Duniani 45 kwa mtu mzima, Wamarekani 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume. Kila mmoja anaulizwa anataka namba imlinde mtu na nini, na jibu ni uamuzi wa watu waliokaa mezani. Hilo mpwa wangu alilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya ukoo.

Za protini ni kali zaidi. Mtu anapewa chakula kilichopimwa, kisha wanakusanya mkojo na choo chake siku nzima wapime naitrojeni, kitu kilichomo ndani ya protini, iliyoingia na iliyotoka, mpaka wapate kiasi ambacho vinalingana. Bi Mwanahamisi akaacha kuchambua.

"Mjukuu wangu, kuna watu wazima waliopimiwa choo ili tuambiwe tule maharage?"

"Wengi tu, bibi." Ikatoka gramu 0.66 kwa kila kilo ya mtu mzima kama wastani, na 0.83 kama kiwango salama. Mtu wa kilo 50 ni kama gramu 41 hivi. Bi Mwanahamisi bado anacheka akikumbuka.

Nguvu ya chakula, yaani kalori, ndiyo peke yake isiyoongezwa akiba. Ukimpa kila mtu kalori za kumtosha mlaji mkubwa kuliko wote, wengine watanenepa. Hapo wanaacha kwenye wastani. Na watoto wachanga nao wana mlango wao: huwezi kumnyima mtoto wa miezi mitatu kitu ili uone atadhurika lini, kwa hiyo wanaangalia mtoto mwenye afya ananyonya nini. Wamarekani hukadiria lita 0.78 za maziwa ya mama kwa siku, na virutubishi vilivyomo ndivyo kiwango chake. Hilo nalo nililiona la busara.

Turudi jikoni. Bajeti yangu haikuwa na nyama ya kila siku na sikuona aibu kulisema. Tukakaa tukatafuta njia ya kuongeza kinachoingia, badala ya kuhangaikia kinachopakuliwa tu. Adui wa kwanza tulimkuta kwenye birika. Wasichana wangu hushushia wali na maharage kwa chai ya rangi, nzito, yenye tangawizi. Tanini ya chai inaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwenye mlo wa namna hiyo kwa zaidi ya nusu. Tukaiondoa chai mezani, tukaihamishia saa kumi alasiri, mbali na mchana na mbali na usiku.

Mgomo! Siku ya tatu walikataa kuimba kwenye usafi.

Badala ya chai tukaweka chungwa. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu, kiroba kinafika mlangoni kwa bei ambayo hata mweka hazina wetu haisemi neno. Chungwa moja la wastani lina miligramu 50 au zaidi za vitamini C, na vitamini hiyo ikiliwa pamoja na maharage inaweza kukifanya chuma chake kifyonzwe mara mbili, wakati mwingine tatu. Lazima iwe kwenye mlo ule ule. Chungwa la saa nne asubuhi halimsaidii harage la mchana. Maharage tukaanza kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji, faiteti ipungue. Na mara tatu kwa wiki dagaa au samaki wadogo kutoka soko la Deep Sea, hata wakiwa vipande vichache kwenye mboga, kwa kuwa samaki anasaidia chuma cha kunde nacho kiingie.

Chakula tulikipima upya kwa mizani ya duka, tukitumia jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008. Miligramu zilipanda kutoka 13 hadi 17 tu. Ukisimama kwenye karatasi ya karani utasema kazi ndogo hiyo. Lakini ukikadiria asilimia 15 badala ya 10, 17 inaingiza 2.5, na hiyo inampita binti wa katikati kwa mbali. Haiwafiki wote. Wale wenye hedhi nzito bado wako nje, na hao jedwali haliwezi kunionyesha ni akina nani. Nilianza kuwauliza mmoja mmoja, faragha, na waliohitaji kupimwa damu nikawapeleka kliniki.

Kwenye kikao kilichofuata karani alikuja na pendekezo: tuchange, tununue vidonge vya chuma, kila binti kimoja kila siku, tuzibe pengo. Wazazi wakapiga makofi. Nilisimama, safari hii na daftari. Nikawaambia jedwali lile lina namba nyingine ambayo hakuiandika, kikomo cha juu cha kwa siku, na kwa chuma Wamarekani wameweka 45 kwa umri huo. Nikawaambia pia kwamba namba zote hizo ni za watu wenye afya. Ninaye binti mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto kama huyo, hasa akiwa ameongezewa damu, chuma kinaweza kurundikana mwilini mwake, na hapewi bila daktari kumpima. Ningegawa vidonge kwa mstari kama pipi, naye angepokea chake.

Ukumbi ukatulia. Karani akauliza, "Kwa hiyo ile 15 yangu ilikuwa ya kazi gani?"

Nikamwambia ya kupangia chakula cha kundi. Siyo ya kumwambia binti mmoja kwamba ana upungufu. Hiyo ni kazi ya damu yake na maabara. Akaandika. Kisha akauliza machungwa yakiisha msimu tutafanyaje, swali ambalo nilikuwa sijalifikiria vizuri, na nikakiri. Tukabishana nusu saa nzima: mapera, ndimu kwenye kachumbari, ukwaju. Mama mmoja wa Pongwe akasema mapera kwake yanaoza chini ya miti, tutume mtu na tenga.

Jumamosi iliyopita nilikagua makabati. Nimekuta chupa tatu za chai ya rangi, bado ya moto, zimefungwa ndani ya kanga.