Hesabu Iliyoishia Stoo

Wiki hii dada yangu ameolewa Tukuyu, wakaguzi wamekaa siku mbili hospitalini kwetu, ninakofanya kazi ya ununuzi, na kuondoka bila hoja kubwa, na bado nikilala usiku ninachokisikia ni neno moja tu la yule mama wa kichomea taka, yule niliyewahi kuwasimulia kwamba anautambua mfuko mwekundu na wa njano hata gizani. Neno lenyewe ni "kumbe".

Ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, katika baridi ya Juni ambayo wenyeji wa Mbeya hatuna haja ya kuelezana. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Loleza, na moshi wa kichomea taka, badala ya kupanda, ulikuwa umelala juu ya paa la chumba cha kufulia. Nilikwenda huko kuhesabu masanduku ya usalama ya kutupia sindano, kwa sababu stoo ilidai yamegawiwa na wodi zilidai hazijayaona. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti la kazi juu ya sweta mbili na glavu nzito zilizochanika kwenye kidole gumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuota moto?"

Nikacheka. Akaokota bakuli la plastiki lenye umbo la figo, lile ambalo wauguzi huwekea pamba na mikasi wanaposafisha kidonda, akaligeuza chini juu kama mtu anayekagua sufuria gulioni.

"Hili linatumika mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Na yale ya chuma yalikwenda wapi?"

"Haya bei yake ni nafuu."

Akalitumbukiza motoni. Likajikunja kingo kwanza, kisha likatoa moshi mweusi mzito uliotufanya sote wawili tugeuze nyuso. Ndipo aliposema, bila ukali wowote, "Kumbe hesabu yenu huishia stoo."

Angesema "mbona", ningekuwa na jibu, kwa kuwa "mbona" ni lawama, na afisa ununuzi hunywa lawama kila asubuhi pamoja na chai yake. Lakini "kumbe" ni neno la mtu ambaye hadi dakika ile alikuwa akiamini jambo jingine. Maana yake ni kwamba miaka yote hiyo mama yule alidhani kuna mtu ofisini, mwenye kikokotoo na muhuri, aliyekwisha kuuhesabu na ule moshi, pamoja na kifua chake, akaona inafaa.

Jioni ile nilifungua kabrasha la zabuni ya vifaa tiba na kusoma vigezo nilivyoviandika mwenyewe, au niseme kwa ukweli zaidi, nilivyovinakili kutoka kabrasha la mwaka uliotangulia. Vinauliza ukubwa, rangi, idadi katika katoni na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakuna mstari unaouliza kifaa kimetengenezwa kwa plastiki ya aina gani, ingawa tunajua kwamba PVC, aina mojawapo ya plastiki, ikiungua vibaya hutoa dioksini, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliitaja miongoni mwa zinazopaswa kupunguzwa duniani kote. Shirika la Afya Duniani linataka taka za hospitali zichomwe kwa nyuzi joto kati ya 850 na 1,100. Kichomea chetu ni cha matofali na huwashwa kwa kuni, na mtu yeyote aliyesimama kando yake asubuhi ya Juni, taka zikiwa zimelowa umande, hatahitaji kipimajoto kujua kwamba hakifiki huko. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inanitaka nitafute thamani ya fedha. Kwamba thamani hiyo ni bei ya katoni, hilo nililiongeza mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwaka juzi nilijigamba papa hapa. Mtakumbuka tulivyoondoa vipimajoto vya zebaki wodini, nami nikaandika kwa majivuno kuhusu Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki na ukomo wake wa mwaka 2020 kana kwamba nilikuwa mmoja wa waliousaini. Vipimajoto vya kidijitali vikaja, nikapongezwa, na sikuuliza betri zake zitakwenda wapi zikiisha. Zimo kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza ya muuguzi wa zamu, limejaa hadi shingoni.

Alhamisi tulikutana kuandaa mpango wa ununuzi wa mwaka mpya wa fedha. Nikapendekeza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yangu, turudi kwenye mabakuli ya chuma. Nilitarajia ubishi. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji akaniangalia kwa muda, akaomba ufunguo, akanipeleka kwenye kabati la nyuma. Yalikuwemo yote, yamefungwa kwa magazeti ya zamani, na nilipolifungua moja niliona uso wangu ndani yake, mpana na mjinga. Nilifurahi kama mtoto. Nikamuuliza kwa nini basi waliyaacha.

"Mpira wa mlango wa mashine ya otoklevu ulipasuka, kaka. Mvuke ukawa unatoka. Tungeyatakasia wapi?"

"Kwa nini hamkuomba mwingine?"

Muuguzi hakujibu, akatabasamu tu. Nilirudi ofisini nikafungua faili, na ombi lilikuwepo, la miezi kumi na minne, mpira mmoja, limewekwa mhuri wa kupokelewa na mkono wangu mimi. Lilikuwa dogo mno kusimama peke yake, hivyo nililiweka kando lisubiri kuunganishwa na mengine, na wakati linasubiri nikanunua katoni baada ya katoni za plastiki.

Mpira nimeuagiza jana asubuhi. Katika vigezo vipya nimeongeza mistari miwili, mmoja wa aina ya plastiki na mwingine unaomtaka mzabuni aeleze kifaa kinateketezwaje, na nimeweka glavu nzito katika orodha. Mama wa kichomea taka sijamwambia lolote. Nilipita Ijumaa nikamsalimu, akaitikia kama siku zote, na ni dhahiri kwamba maneno yale aliyasahau palepale alipoyasema.

Kwa sasa ninaandika huku nikijaribu kumpigia mama yangu, aliyeondoka Tukuyu baada ya arusi kwa basi la Kyela. Tangu jana jioni simu yake haipatikani. Kaka anasema ni chaji tu.