Kura 21 na Karatasi Moja Iliyoharibika

Jumamosi moja ya Julai, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani kule Kiusa, wanachama wa kikundi chetu cha wasomaji hapa Moshi tulipiga kura ili kuipanga kwa daraja mifululizo ya riwaya za fantasia tunayoipenda zaidi. Kazi ya kuandaa karatasi, kuzikusanya na kuzihesabu niliachiwa mimi, kwa sababu tu nilikuwa na daftari jipya siku jambo hilo lilipozungumzwa. Tangu matokeo yabandikwe ukutani nimeulizwa mara nyingi, njiani na hata nje ya kanisa, ni kwa haki gani nilimpa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, ushindi ilhali watu 8 walimweka Harry Potter juu kabisa, na waliomweka Tolkien juu walikuwa 4 tu. Nimeona afadhali nijibu kwa maandishi, mara moja, kwa wote.

Kanuni tulikubaliana kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kila mpiga kura aliandika mifululizo 5 kwa mpangilio wa mapenzi yake, wa kwanza ukipata alama 5, wa pili 4, na kuendelea hivyo hadi wa tano uliopata alama 1. Harry Potter alikuwa wa kwanza kwenye karatasi 8, yaani alama 40, na wa tatu kwenye karatasi 3, yaani alama 9, jumla 49. Kwenye karatasi 10 zilizobaki hakutajwa kabisa. The Lord of the Rings ilikuwa ya kwanza kwenye karatasi 4, ya pili kwenye karatasi 9 na ya tatu kwenye karatasi 3, na ukizijumlisha unapata 65. Wanaompenda Harry Potter wanampenda kufa, lakini wasiompenda humwona ni wa watoto wala hawampi hata nafasi ya mwisho. Tolkien ni kama yule jirani ambaye si rafiki mkubwa wa mtu yeyote mtaani, ila kila nyumba yenye shughuli humwalika.

Kwa kuwa manung'uniko hayakuisha, usiku ule nilizihesabu upya kwa njia nyingine, ile inayotumika kwenye tuzo za Hugo, ambazo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la wapenzi wa fantasia na bunilizi za kisayansi. Katika njia hiyo hakuna alama. Aliye na kura chache za kwanza huondolewa, na karatasi zake huhamia kwa yule aliyefuata kwenye kila karatasi, hadi mmoja avuke nusu. Kura za kwanza zilikuwa Harry Potter 8, A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin 6, Tolkien 4, Narnia ya C. S. Lewis 2 na Earthsea ya Ursula K. Le Guin 1. Earthsea ikaondoka, Narnia ikafuata, na karatasi zao zote 3 zikaishia kwa Tolkien, akawa na 7. Martin akabaki wa mwisho na 6 zake, naye akaondoka. 4 zikaenda kwa Tolkien na 2 kwa Harry Potter. Kumi na moja kwa kumi. Nakiri hapa jambo ambalo sikulisema siku ile: kura ile moja ya Earthsea ilikuwa yangu, kwa hiyo mtu asiyemweka Tolkien juu ndiye aliyesaidia kumvusha. Anayetaka kulalamika sasa anayo sababu nzuri zaidi ya ile aliyokuwa nayo.

Hata hivyo, mabishano ya hesabu yalikuwa madogo yakilinganishwa na swali lililotuchelewesha saa nzima kabla ya kupiga kura: mfululizo ni nini? Tolkien mwenyewe aliiona The Lord of the Rings kuwa riwaya moja. Mchapishaji ndiye aliyeigawa katika juzuu 3 kati ya 1954 na 1955, karatasi ikiwa bado ni ghali baada ya vita. Sasa je, gharama ya karatasi huko Uingereza yatosha kuifanya hadithi moja iwe mfululizo? Upande wa pili wako watu waliotaka Harry Potter ahesabiwe kitabu kwa kitabu, kwa kuwa vile 7 vilivyotoka kati ya 1997 na 2007 havilingani ubora, na mwanachama mmoja aliapa kwamba angekipa cha tatu alama zote na cha tano asikipe hata moja.

Si sisi wa kwanza kukwama hapo. BBC ilipowaomba Waingereza wachague kitabu wanachokipenda kuliko vyote, katika kura ya mwaka 2003 ambayo The Lord of the Rings iliibuka ya kwanza, juzuu 3 za Philip Pullman zilihesabiwa kuwa kitu kimoja na kushika nafasi ya 3, ilhali vitabu vya Harry Potter vilihesabiwa kimoja kimoja: kimoja kikashika nafasi ya 5, vingine 3 vikafuatana katika nafasi za 22, 23 na 24. Kura ya redio ya NPR ya Marekani ya mwaka 2011, iliyopigwa na watu zaidi ya 60,000, ilikubali mfululizo mzima kama jina moja lakini ikavizuia vitabu vya vijana, kwa hiyo Harry Potter hakuwamo kabisa, na Tolkien akawa wa kwanza huko nako. Wale wa Hugo waliamua kuandika sharti: tuzo yao ya mfululizo bora hutaka juzuu zisizopungua 3 zenye jumla ya maneno yasiyopungua 240,000. Kabla ya tuzo hiyo kuwapo, mwaka 2014, The Wheel of Time yenye juzuu 14 iliwahi kuteuliwa yote kwa pamoja kugombea tuzo ya riwaya bora, kana kwamba ni kitabu kimoja kinene kupita kiasi.

Sharti la maneno 240,000 ndilo lililoniudhi mimi, kwa sababu mwalimu mmoja wa sekondari kwenye kikundi chetu alikuwa amependekeza Shaaban Robert. Watu walicheka, naye hakucheka. Akauliza: Kusadikika ni nini kama si fantasia? Ni nchi inayoelea angani, mipaka yake ni pepo, na Karama, akiwa mshtakiwa barazani mbele ya mfalme, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kulipwa kifungo. Safari 6, nchi 6, ndani ya kitabu chembamba kisichofika kurasa 100. Mwandishi wa Ulaya angepewa mambo hayo angeandika juzuu 6 nene na ya saba ya nyongeza. Ukiongeza Kufikirika, na Adili na Nduguze yenye majini, mfalme Rai mpenda wanyama na ndugu wawili waliogeuzwa manyani, una vitabu 3 vya mtu mmoja vinavyozunguka swali moja la haki na utawala. Mimi nilisema huo si mfululizo, kwa kuwa wahusika wa kitabu kimoja hawaingii katika kingine. Bado nasema hivyo, ila kwa sauti ndogo kuliko siku ile. Tulipiga kura ya mikono, Shaaban Robert akakosa kuingia orodhani kwa mikono 9 dhidi ya 12.

Sasa nifike kwenye jambo linalonishughulisha kuliko ushindi wenyewe. Chini ya kila karatasi niliweka mstari unaouliza: umesoma juzuu ngapi za mfululizo ulioupa nafasi ya kwanza? Wengine waliuona ni uchokozi. Majibu yalinifundisha zaidi ya alama zote. Kati ya watu 6 waliompa Martin nafasi ya kwanza, 4 waliandika sifuri na pembeni wakaeleza kwamba wametazama tamthilia yote ya televisheni. Waliobaki wawili wamesoma juzuu ya pili na ya tatu, si ya kwanza. Sikuzifuta kura hizo, kwani hatukuwa tumekubaliana sharti la kusoma, na zaidi ya hapo ningelazimika kuwafuata na wale waliomjua Harry Potter kupitia filamu, na hata kwa Tolkien walikuwamo. Mfululizo wa Martin ulioanza mwaka 1996 wenyewe haujakamilika. Juzuu ya tano ilitoka 2011 na ya sita wasomaji bado wanaisubiri, kwa hiyo hata aliyesoma zote hajui mwisho.

Kwa nini juzuu ya pili na ya tatu bila ya kwanza? Jibu analijua kila anayesoma vitabu vya mitumba hapa mjini. Sehemu kubwa ya riwaya hizi hutufikia kwa mkono wa wageni wanaokuja kupanda mlima. Mgeni hushuka kwenye ndege na kitabu alichokuwa akikisoma safarini, ambacho mara nyingi ni cha katikati, kwa kuwa cha kwanza alikimalizia kwao. Siku ya kupanga mizigo anakumbuka kwamba mizigo hupimwa getini, kwamba mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na kwamba kule juu koti la baridi ni la lazima kuliko joka la kubuni. Kitabu kinabaki hosteli, hosteli inakitoa, kinaishia chini kwenye turubai kando ya viatu. Kwa hiyo Moshi ina hazina ya juzuu nene kuliko zote, zile zilizoshindwa kupanda mlima, na ina uhaba mkubwa wa mwanzo wa hadithi. Ninapoitazama orodha yetu kwa jicho hilo naona kwamba ilipima mapenzi, sikatai, lakini ilipima pia uzito wa mabegi ya watu tusiowafahamu.

Mwanachama wetu ambaye ni mgumu wa siku nyingi ndiye pekee aliyesoma juzuu zote 14 za The Wheel of Time, zikiwamo zile za mwisho ambazo Brandon Sanderson alizimalizia baada ya Robert Jordan kufariki mwaka 2007. Alizisoma kwenye simu, hemani, kwa taa ya kichwani, akizingatia chaji. Nilitarajia aupe nafasi ya kwanza. Aliupa ya nne. Alisema juzuu za katikati zinakwenda kwa mwendo wa mgeni anayetoka kambi ya Barafu kuelekea kileleni usiku, hatua moja na kupumzika. Naiheshimu nafasi ya nne ya mtu huyu kuliko nafasi ya kwanza ya watu wengi.

N. K. Jemisin naye alitajwa mara moja tu, nafasi ya tano. Huyu ni mwandishi ambaye kila juzuu ya riwaya zake 3 za The Broken Earth ilishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora, 2016, 2017 na 2018 mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Sisi tuna nakala moja ya juzuu ya kwanza.

Kuhusu kura yangu mwenyewe sitasema mengi. Ursula K. Le Guin alitoa riwaya ya kwanza ya Earthsea mwaka 1968 na kumfanya shujaa wake Ged kuwa mtu wa ngozi nyekundu-kahawia, katika dunia ya visiwa ambako kila kitu kina jina lake la kweli na anayelijua jina ndiye mwenye nguvu juu ya kitu. Nilipokuwa nikikieleza kitabu hicho mbele ya kikundi nilisema Ged ni mchawi, na mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni akanikata kauli: "Mwanangu, mchawi ni mchawi. Hakuna mchawi mwema." Nikajaribu mganga, wakasema mganga hutibu. Nikajaribu mlozi, ikawa mbaya zaidi. Nadhani nilipoteza kura 2 au 3 pale pale, kwa kosa la kamusi.

Imebaki karatasi ya 22. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliandika mstari mmoja tu: Kibo na Mawenzi. Nafasi nyingine 4 aliziacha wazi. Nilimfuata kwa adabu, nikamwamkia, nikamweleza kwamba kura yake itaharibika kwa sababu hicho si kitabu wala si mfululizo. Akaniangalia kwa muda. "Bibi yangu alinisimulia jioni nyingi," alisema, "na kila jioni Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda tena kwa Kibo kuomba kaa, hadi Kibo akachoka akampiga kwa mchi. Unauona mlima ulivyochongoka? Sasa wewe niambie huo si mfululizo." Nje mawingu yalikuwa yamefunika vilele vyote viwili vya Kilimanjaro, kama kawaida ya Julai, hivyo sikuweza hata kuangalia ulivyochongoka. Niliiandika karatasi yake kuwa imeharibika, na nikaibandika ukutani pamoja na matokeo, jambo ambalo kanuni hazikulikataza.

Tutapiga tena Desemba. Mstari wa juzuu utabaki, Shaaban Robert atajadiliwa upya, na asiyerudisha kitabu cha kikundi hatapewa karatasi. Juzuu ya kwanza ya Earthsea haijaonekana tangu Machi, na aliyenayo anasoma haya.