Namna Tulivyohakikisha Dawa ya Kifafa ya Mdogo Wangu Haikatiki

Mdogo wangu wa kike alianza kuanguka kifafa akiwa na umri wa miaka 15, na tangu wakati huo familia imenikabidhi mimi, dada yake, jukumu la kusimamia matibabu yake. Tunaishi katika nchi ya kipato cha chini, ambako madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wako katika hospitali kubwa chache tu, na mtu mwenye kifafa ama hutibiwa na tabibu wa zahanati ama hatibiwi kabisa. Kuutambua ugonjwa na kuandikiwa dawa hakukutuchukua muda mrefu. Kazi iliyotutaka akili na subira ni kuhakikisha dawa haikatiki mwezi hata mwezi, na katika kazi hiyo nimeona wazi kwamba dawa hukatika zaidi pale ambapo wagonjwa wamefichwa.

Tabibu aliyempokea hakuanza na vipimo bali na maswali, na maswali yenyewe mgonjwa hakuweza kuyajibu, kwa kuwa aliyepoteza fahamu hana habari ya kilichompata. Alitaka kujua kama mwili wote ulikakamaa kwa pamoja au mkono mmoja ulitangulia, macho na shingo viligeukia upande gani, kama alijiuma ulimi au kujikojolea, na ilichukua muda gani kabla hajaanza kututambua tena. Majibu yetu yalipingana, maana kila mmoja aliona kipande chake tu katikati ya hofu. Tukakubaliana kwamba safari nyingine mtu mmoja amlinde na mwingine amrekodi kwa simu, na mimi nikaanzisha daftari la kuandika tarehe, saa, muda wa shambulio, alivyolala usiku uliotangulia, kama alikuwa na homa, na siku zake za hedhi. Video moja fupi ilimwonyesha tabibu jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitaja: mkono wa kulia ulianza kutikisika kabla mwili mzima haujafuata, ishara kwamba shambulio huanzia sehemu moja ya ubongo. Daftari nalo lilionyesha kuwa mashambulio mengi yalimjia alfajiri baada ya usiku wa kukosa usingizi. Kwa mlezi aliye mbali na daktari bingwa, sijui msaada mkubwa kuliko huu ambao haudai fedha yoyote.

Tabibu aliuliza pia kama mama alipata uzazi mgumu, kama mtoto aliwahi kuugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo, kama aliumia kichwa, na kama katika mazingira yetu kuna nguruwe wanaozurura. Swali hilo la mwisho lilinishangaza hadi alipoeleza kwamba mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mwilini kupitia uchafu huweza kuzaa vifuko ndani ya ubongo, na kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyo, karibu asilimia 30 ya kifafa huhusishwa naye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wa magonjwa ya ubongo katika nchi maskini hutokana na mambo ambayo choo bora, mkunga mwenye ujuzi, chandarua na chanjo vingeyazuia. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu fedha zinazotumika kumtibu mtu maisha yake yote ni nyingi kuliko zile ambazo zingemkinga.

Wapo ndugu waliotaka tusubiri mpaka zipatikane fedha za vipimo vya hospitali kubwa. Tabibu hakukubali. Alituambia kwamba kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kuonekana sawa kabisa kwa mtu mwenye kifafa, na kwamba mashambulio mawili au zaidi yanayopishana kwa zaidi ya saa 24, bila homa, upungufu wa sukari wala sababu nyingine ya papo hapo, yanatosha kuanza tiba. Kwa kuwa mtikisiko ulianzia upande mmoja, aliandika rufaa ya picha ya ubongo, ambayo baadaye ilifanyika na haikuonyesha uvimbe wala vifuko, lakini dawa haikusubiri picha hiyo. “Mama,” alimwambia mama yetu, “huu ni ugonjwa wa ubongo kama ugonjwa mwingine wowote, na dawa yake ipo hapa hapa.” Akamweleza kwamba kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo, lakini katika nchi za kipato cha chini takriban robo tatu yao hawaipati tiba hiyo. Alimtolea pia mfano wa Mahenge nchini Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 na kuwatibu watu waliokuwa wametengwa, kwa kutumia fenobabitali, dawa inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Mama alikuwa amekwisha kukata tamaa, na mfano huo wa watu waliopona kuanguka kwa dawa ya kawaida, mahali pasipo na mashine za kisasa, ulimrudishia imani kuliko takwimu zote.

Mdogo wangu alianzishiwa kabamazepini miligramu 200 kwa siku, dozi ikapandishwa polepole. Tulionywa kwamba akitokwa na upele tumrudishe mara moja, na kwamba kizunguzungu na usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Onyo lililosisitizwa kuliko yote lilikuwa kutoikatiza dawa ghafla, kwa kuwa kuikatiza huweza kuleta mashambulio mfululizo yanayoweza kuua. Mashambulio yalipungua, kisha yakawa ya nadra. Ndipo zahanati ikaishiwa na dawa.

Nilianza na lililo ndani ya uwezo wetu. Niliomba tupewe dawa ya miezi miwili kila inapowezekana, na nikatenga akiba ya mwezi mmoja ambayo haiguswi ila dawa mpya ikikosekana. Kila tunapopokea mpya, ile ya akiba hutangulia kutumika na mpya kuchukua nafasi yake, ili isifikie tarehe ya kuisha muda. Vidonge ninavitunza katika chombo kinachofunga vizuri mahali pakavu, kwa kuwa kabamazepini ikipata unyevunyevu hupoteza sehemu ya nguvu yake, na mlezi anaweza kudhani ugonjwa umezidi kumbe kidonge ndicho kilichodhoofika. Zahanati ikikosa kabisa, ninanunua katika duka la dawa lenye kibali, kwa kadiri iwezekanavyo dawa ya kiwanda kilekile.

Hata hivyo akiba ya nyumba moja haitibu upungufu wa zahanati nzima, na familia nyingi haziwezi kuiweka. Nilimwendea mtunza dawa kumwuliza kwa nini dawa hii huisha mara kwa mara ilhali bei yake si kubwa. Alinifungulia leja na kunieleza kwa utulivu jambo ambalo naliona kuwa kiini cha shida yetu. Zahanati huagiza dawa kwa kufuata kiasi kilichotumika katika kipindi kilichopita. Dawa ikiisha, wagonjwa huondoka mikono mitupu na wengine hawarudi tena. Matumizi yaliyoandikwa yanashuka, na agizo linalofuata linakuwa dogo zaidi, kana kwamba wagonjwa wamepungua. Kwa wenye kifafa jambo hili ni baya mara mbili, kwa sababu wengi hawakuwahi kuandikishwa tangu mwanzo. Familia zao huwaficha kwa hofu ya kusemwa, ya binti kukosa mchumba, au ya imani kwamba mate ya aliyeanguka huambukiza. Aliyefichwa haingii katika leja, na asiyekuwa katika leja haagiziwi dawa. Fenobabitali ina kikwazo cha ziada, kwani iko chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na uingizaji wake nchini huhitaji vibali vinavyoweza kuichelewesha.

Kwa hiyo nilianza kuwatafuta walezi wenzangu. Nilimwomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye huingia nyumba nyingi na kuaminiwa, aziambie familia anazozifahamu kwamba kuna mlezi anayependa kuzungumza nao, na kwamba hakuna atakayetajwa bila ridhaa yake. Wa kwanza walikuja kwa kusitasita. Tulikutana pembeni ya zahanati siku za kliniki, na muuguzi alitufundisha kumhudumia aliyeanguka: kumwondolea vitu vya hatari, kumlaza kwa ubavu, kutomtia kitu chochote mdomoni, kutomshikilia kwa nguvu, kuangalia saa, na kumkimbiza kituoni shambulio likipita dakika tano. Aliyashika mate ya mgonjwa mbele yetu, akaifuta mikono yake na kuendelea na somo. Baba mmoja ambaye mwanawe alikuwa hajatoka nje kwa muda mrefu alimleta kliniki iliyofuata.

Kadiri walivyoandikishwa, hesabu ya zahanati ilibadilika. Tulipeleka ombi kwa kamati ya usimamizi kwamba dawa za kifafa ziagizwe kwa idadi ya wagonjwa waliosajiliwa na dozi zao, badala ya matumizi ya nyuma peke yake. Nilijenga hoja juu ya mpango ulioridhiwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 2022 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, unaoishia mwaka 2031, ambao unalenga asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kwamba ugonjwa wao unatibika, asilimia 80 wapate dawa wanazozimudu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa waache kuanguka. Wajumbe walisikiliza, na ombi lilipita. Upungufu haujaisha kabisa, kwa sababu bohari ya dawa inayoihudumia zahanati nayo huishiwa, lakini sasa mtunza dawa hututaarifu mapema dawa inapokaribia kwisha.

Shuleni mambo yalikwenda vizuri baada ya mwalimu mkuu kuzungumza na muuguzi. Nyumbani tulipanga mdogo wangu asipike kwenye moto wa chini wala kuchota maji kisimani akiwa peke yake, kwa kuwa kuungua na kuzama huwaua wenye kifafa wengi ambao shambulio lenyewe lisingewaua. Yeye mwenyewe alilichukia zuio la maji, na nilimwelewa.

Suala ambalo walezi wa wasichana wanapaswa kuliuliza mapema ni la uzazi. Katika kipindi kimoja cha upungufu, kituo kingine kilipendekeza tuhamie valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Tabibu wetu alikataa, kwa kuwa dawa hiyo ikitumika katika ujauzito huongeza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo na kuathirika ukuaji wa ubongo wake, na haifai kwa msichana ikiwa ipo njia nyingine. Alimweleza mdogo wangu, akizungumza naye na si nami, kwamba hata kabamazepini hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hivyo achague njia nyingine wakati ukifika, na akamwandikia vitamini ya foliki asidi miligramu tano kila siku.

Sasa ametimiza zaidi ya miaka miwili bila kuanguka, na tabibu amemweleza kwamba muda huo unaruhusu kufikiria kuipunguza dawa kidogo kidogo, kwa miezi isiyopungua miwili, akijua kwamba mashambulio yanaweza kurudi. Mama angependa ianze kupunguzwa leo. Mdogo wangu ameomba aendelee nayo hadi amalize mitihani ya chuo, na uamuzi huo ni wake. Tabibu naye anahamishiwa kituo kingine mwezi ujao, kwa hiyo tumemwomba aandike kwa muhtasari historia ya ugonjwa, dozi, dawa zisizofaa na mpango wa kupunguza. Nakala moja inabaki katika faili la zahanati, nyingine ninayo mimi, na ya tatu anayo mwenyewe. Walezi wenzangu wameanza kudai muhtasari kama huo kwa wagonjwa wao kabla hajaondoka.