Mkia wa Kitenzi Usiosikika

Nilipopokea matokeo ya mtihani wangu wa kwanza wa Kifaransa, ule wa DELF ngazi ya A2, nilifurahi kwa dakika moja kisha nikaona aibu. Mtihani huo una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja ikiwa na alama 25. Ili kufaulu, mtahiniwa hupaswa kupata jumla ya alama 50 bila kushuka chini ya alama 5 katika sehemu yoyote. Nilifaulu, lakini kilichonibeba kilikuwa kuzungumza, kwa kuwa kazi yangu ni kuongoza watalii na mdomo wangu umezoea. Katika kuandika nilipata alama 9 tu. Sentensi kama *les touristes regardent les lions*, watalii wanatazama simba, nilikuwa naitamka vizuri kabisa garini, kumbe siku zote kichwani nilikuwa naiandika *regarde*, kana kwamba mtalii ni mmoja.

Mwalimu wetu wa jioni ni Mrundi aliyekuja Arusha wakati ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo ilitumia Kiingereza na Kifaransa hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilipokuwa bado ikifanya kazi hapa mjini. Nilimpelekea karatasi zangu za mazoezi, akazipitia kimya, kisha akaniuliza swali moja: «Kaka, katika neno *wanatazama*, unajuaje kuwa ni wengi?» Nikamjibu kuwa ni kwa sababu ya *wa-*. Akasema: «Basi, Mfaransa ameuweka huo *wa-* wako mkiani, halafu akaunyamazisha.»

Tangu siku ile nimevielewa vitenzi vya Kifaransa kwa namna nyingine. Sisi tumezoea nafsi itangulie: ninasema, unasema, anasema, wanasema, na sikio hulipata jibu kabla hata mzizi haujatamkwa. Katika vitenzi vinavyoishia na *-er*, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote, maumbo manne kati ya sita, *je parle, tu parles, il parle, ils parlent*, hutamkwa sawasawa, na tofauti yao ipo kwenye karatasi tu. Ni *nous parlons* (tunasema) na *vous parlez* (mnasema) pekee yanayojitambulisha kwa sauti. Ndiyo maana Mfaransa hawezi kuliacha neno *je* au *ils* kama sisi tunavyoliacha *mimi* au *wao*. Akiliacha, msikilizaji hatajua nani anasema. Mswahili anayeanza huliacha mara kwa mara, kisha hushangaa kwa nini haeleweki.

Katika sehemu ya kusikiliza, hata hivyo, si vitenzi vyote vilivyo bubu. Vingi visivyo vya *-er* hurudisha konsonanti katika wingi wa nafsi ya tatu, na konsonanti hiyo husikika: simba mmoja *dort* (analala), simba wengi *dorment*, gari moja *part* (linaondoka), magari mengi *partent*, *il finit* (anamaliza), lakini *ils finissent*. Kitenzi cha *-er* kikianza na irabu, msaada hutoka mbele, kwa maana *ils arrivent* (wanafika) huwa na sauti ya *z* katikati ambayo *il arrive* haina. Sauti hiyo hiyo hutenganisha *ils ont*, wana, na *ils sont*, wao ni, ambayo ina *s* kavu. Mtahiniwa asiyefunza sikio lake jambo hili dogo atajibu kuwa familia fulani ni watoto watatu badala ya kuwa nao.

Vile vinne vikorofi, *être* (kuwa), *avoir* (kuwa na), *aller* (kwenda) na *faire* (kufanya), havina njia ya mkato. Nilivikariri ndani ya daladala ya Sakina mpaka konda akaniuliza kama ninasali. Kilichonisaidia ni kujua kwamba katika wakati uliopo ni hivyo vinne tu, pamoja na vilivyoundwa kutokana navyo, vyenye mwisho wa *-ont* kwa wengi, *sont, ont, vont, font*, na kwamba *vous* hukosa *-ez* katika vitatu tu vya kawaida: *êtes, faites*, na *dites* ya kitenzi *dire*, kusema.

Nina lalamiko moja. Vitabu karibu vyote tunavyotumia hapa hutufundisha Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, na njia hiyo hutuzungusha bure. Kiingereza humlazimisha mwanafunzi achague kati ya jambo analolifanya sasa hivi na lile la kila siku, ilhali *je travaille* hubeba yote mawili, kama *ninafanya kazi* inavyoyabeba. Mwenye njaa kwa Kifaransa husema *j'ai faim*, na mwenye miaka thelathini husema *j'ai trente ans*: nina njaa, nina miaka thelathini, neno kwa neno. *J'habite à Arusha depuis 2012* nayo hukaa katika wakati uliopo kama yetu ya «ninaishi Arusha tangu mwaka 2012». Hata ukanushi, ambao wenzangu darasani waliuogopa, ni wa kwetu: *ne* na *pas* hukikumbatia kitenzi pande zote mbili, kama *hatu-* na *-i* zinavyokikumbatia katika *hatusemi*. Nilipoliona hilo, makosa yangu ya *ne… pas* yalikwisha kwa wiki moja, baada ya kunisumbua muhula mzima.

Mbele ya mtahini wa mazungumzo, mtu atumie *vous*, ambayo pia ni «wewe» ya heshima, hata kama mtahini ni kijana kuliko yeye. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa najiandaa kwa B1, ngazi inayofuata. Kila jioni, nikimaliza kuosha gari, naandika sentensi kumi kuhusu niliyoyaona hifadhini, zote zikiwa na mtendaji wa wingi, kisha narudi juu na kalamu nyekundu kukagua mikia peke yake. Jana mikia minane ilikuwa sahihi. Miwili iliyobaki ilikuwa ya tembo: wanywaji maji, *ils boivent*, ambao niliwaandika *ils boient*.